Alama za Afande Winfrida

Siku ya kwanza ya masomo Winfrida Mkude alifika darasani saa moja na nusu, kwa kipindi kilichokuwa kinaanza saa mbili. Alivaa sketi ya kaki iliyopigwa pasi mpaka marinda yakasimama yenyewe, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Alikuta vijana kama sitini, wengine wamelalia meza, wengine wanachezea simu. Alipovuka mlango simu zikafichwa, na waliolala wakaamshwa kwa viwiko. Darasa zima likasimama na kumpa shikamoo kwa pamoja, maana mama wa umri ule, mwenye mwendo ule, hawezi kuwa mtu mwingine ila mkufunzi.

Winfrida aliitikia marahaba, akawaambia wakae. Wakakaa. Kisha akaenda kwenye kiti cha mbele kabisa, akakaa na yeye, akatoa daftari jipya na kalamu mbili. Binti wa kiti cha pembeni, Shadia, ambaye baba yake alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari huko Kilombero, alimsogelea na kumuuliza kwa heshima kama ataanza kwa kuita majina au ataingia moja kwa moja kwenye somo. Winfrida akamjibu kwamba yeye ni mwanafunzi, mwaka wa kwanza, stashahada ya lishe na sayansi ya chakula, kama wao.

Mara mlango ukafunguliwa na mkufunzi mwenyewe akaingia. Aliitwa Eustace, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye miwani, kompyuta kwapani na kikombe cha chai mkononi. Alisema habari za asubuhi, akainua macho, akamwona aliyekaa mbele. Hapo hapo visigino vyake vikagongana, mgongo ukanyooka, na nusu ya chai ikaishia kwenye shati.

"Jambo, afande!" alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka maktaba.

Winfrida naye, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, akajibu "Jambo," akamwambia mguu pande. Eustace akatii. Ilichukua muda kabla ya mmoja wao kukumbuka kwamba hapo palikuwa Chuo cha Lukwangule, ukipanda kutoka Bigwa, na si uwanja wa paredi.

Walikuwa wanafahamiana kwa njia hii. Winfrida alizaliwa Mkuyuni, akamaliza kidato cha nne, akaenda jeshini. Jeshi likamwangalia, likampa mwiko. Alipelekwa jikoni katika kambi moja ya magharibi, ile inayopokea vijana wa kidato cha sita wanaokwenda kulitumikia taifa kwa miezi michache, na huko alipanda cheo mpaka akawa Sajinitaji, mkuu wa jiko lenye kulisha watu mia nane. Katika kundi moja la vijana hao, miaka kumi na kitu iliyopita, alikuwemo kuruta Eustace, mwembamba kiasi kwamba suruali ya jeshi alikuwa anaifunga kwa kamba ya kiatu. Wiki ya tatu Winfrida alimkuta nyuma ya jiko, kichwa na mabega ndani ya sufuria kubwa, anakwangua ukoko wa wali. Alimpa adhabu ya kuosha masufuria yote kwa wiki mbili. Lakini kila alipomaliza kuosha alikuta sahani imefunikwa juu ya meza, na hakuna aliyemwambia ni ya nani. Kijana yule aliondoka kambini akiwa na mashavu.

Sasa, kilichomtoa Winfrida jikoni kilikuwa ni daktari. Daktari huyo wa jeshi alikuja kukagua afya za makuruta, akakuta wasichana wengi wana upungufu wa damu. Akaenda jikoni kuuliza chakula kinavyopikwa. Winfrida alijibu maswali yote bila kusita, mpaka alipoulizwa kwa nini mchicha unachemshwa saa nzima na magadi. Alisema kwa sababu ndivyo unavyochemshwa. Daktari hakubishana naye, aliandika tu kitu kwenye daftari lake na kuondoka. Winfrida hakujua kimeandikwa nini, na kutokujua kulimkera kuliko kama angegombezwa.

Basi akaomba kusomeshwa. Jeshi lilikuwa na utaratibu wa kuwalipia masomo askari wake waliotumikia muda mrefu, lakini maombi yake yalikataliwa mara mbili, sababu ikiwa ni ile ile: hakuna wa kumwachia jiko. Mara ya tatu Kapteni Bartholomeo, ofisa utawala wa kambi, alileta barua mwenyewe na kuisoma mbele ya paredi. Ada italipwa yote, chumba kitalipwa, na mshahara utaendelea. Sharti lilikuwa moja. Nakala ya kila jaribio na kila mtihani ipelekwe kikosini, na akifeli somo lolote mwisho wa muhula, ufadhili unakoma, anarudi jikoni, na nafasi yake anapewa mwingine.

Winfrida alitia sahihi papo hapo. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Chuoni walimpanga chumba kimoja na Shadia. Wiki ya kwanza Shadia aliamshwa kila siku saa kumi na moja alfajiri na sauti ya mtu anayehesabu anaporuka kamba. Wiki ya pili aliacha kulalamika, kwa sababu alikuta nguo zake zimekunjwa, viatu vimepangwa kwa mstari, na uji wa ulezi uko mezani. Siku moja alijikuta anatandikiwa kitanda kabla hajashuka.

Kwenye kazi za vikundi walikuwa watano, na Winfrida akachaguliwa kuwa kiongozi kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Wanne walikuwa wepesi kuongozwa. Wa tano alikuwa Abdulswamad, kijana wa Temeke, aliyekuwa anafika kwenye kila mkutano wa kikundi wakati watu wanafunga madaftari. Alikuwa na kichwa chepesi cha hesabu na mdomo mwepesi zaidi. Winfrida alipomsema, alimwambia, "Maza, tulia, kazi itaisha tu, usipanik." Winfrida hakupanik. Alianza kumpigia simu kila alfajiri kumuuliza amefikia wapi. Siku ya nne Abdulswamad aliwasilisha sehemu yake kabla ya kila mtu, akiwa na macho mekundu, akisema hata mama yake mzazi hajawahi kumfanyia hivyo. Kazi yao ya maziwa ya soya ilishika nafasi ya kwanza darasani.

Mambo yakawa yanakwenda, isipokuwa kemia.

Kemia ilimkataa Winfrida tangu siku ya kwanza. Somo lilikuwa la Eustace. Alipofundisha, macho yake yalizunguka darasa zima na kuruka kiti cha mbele. Alipofika kwenye moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe za vitu, Winfrida aliandika kila neno, akachora kila mshale, na hakuelewa chochote. Shadia alimwelekeza jioni tatu mfululizo. Winfrida alikuwa anatikisa kichwa kukubali, halafu anauliza swali linaloonyesha kwamba wamerudi walikoanzia.

Jaribio likafanyika. Karatasi ziliporudi, Winfrida alikuwa amepata sitini na nne. Aliikagua ile namba mara kadhaa, akaipiga picha, akamtumia Kapteni Bartholomeo. Jioni ile alikaanga samaki, akalisha chumba chao na vyumba viwili vya jirani. Utaratibu wa chuo ulikuwa kwamba alama za jaribio na za mtihani wa mwisho zinajumlishwa na kugawanywa kwa mbili, na chini ya hamsini umefeli. Kwa sitini na nne, mtihani wa mwisho ungemtaka thelathini na sita tu. Hata usingizini angepata.

Shadia alikuwa amepata hamsini na nane. Alifurahi kwa ajili ya mwenzake, kisha akaiazima karatasi yake ili aone alikokosea yeye. Aliisoma akiwa ameketi kitandani, akarudia, akaanza kukunja uso. Winfrida akamuuliza kuna nini. Shadia alisema hakuna kitu. Winfrida alikuwa amelea makuruta kwa miaka ishirini, na "hakuna kitu" ya namna hiyo aliijua. Akaichukua karatasi.

Swali la nne lilitaka moli za asidi zinazohitajika kumaliza nguvu ya gramu kadhaa za magadi. Shadia alikuwa amekokotoa nusu ukurasa, akakosea mstari wa mwisho, akakatwa. Winfrida alikuwa ameandika: kijiko kimoja cha magadi, kutegemea na maharage. Pembeni palikuwa na tiki kubwa nyekundu, alama zote kumi, na maneno "vizuri sana".

Wakakaa pamoja na kulipitia jaribio lote, swali kwa swali. Walipomaliza, Winfrida alijipa alama mwenyewe pale pembeni, kwa penseli. Zilikuwa thelathini na moja. Shadia alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyeona, na kwamba yeye hatasema. Winfrida akamshukuru, akakunja karatasi mara mbili, akazima jiko.

Kesho yake saa mbili kasoro dakika tano alikuwa mlangoni kwa Eustace. Eustace alisimama alipomwona. Winfrida akamwomba akae, na yeye akabaki amesimama, akaweka karatasi mezani.

"Mwalimu," alisema, na neno hilo lilimtisha Eustace kuliko kama angemwita kuruta, "swali la nne nimejibu nini?"

Eustace aliitazama karatasi kama anaiona kwa mara ya kwanza. "Kijiko kimoja cha magadi, kutegemea na maharage."

"Swali lilikuwa linauliza nini?"

"Moli za asidi."

"Na hiyo tiki?"

Eustace akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema alijaribu. Alianza kusahihisha vizuri tu na kalamu yake nyekundu, lakini alipofika swali la pili akawa anamwona amesimama mbele yake na mwiko, na mkono ukakataa kuweka mkasi wa kosa. Winfrida karibu acheke. Lakini Eustace alikuwa hajamaliza.

"Si woga peke yake, afande. Mwaka ule nyumbani kwetu palikuwa pabaya. Nilikwenda kambini nikiwa nimeshazoea kula mara moja kwa siku. Zile sahani ulizokuwa unanifunikia, nilijua ni wewe. Nikajiambia, mtu aliyenishibisha, mimi nitamfelisha kwa mkono gani?"

Winfrida aligeukia dirisha, akatazama nje, ambako ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka miteremkoni. Hakutegemea kusikia habari ya sahani, na ilimgusa mahali ambapo hakuwa amejiandaa.

"Nilikupa chakula kwa sababu ulikuwa na njaa," alisema. "Hapa njaa yangu mimi ni ya kujua. Kule jikoni wananisubiri watoto mia nane. Nikirudi na cheti na kichwa kile kile, yule daktari atakuja, ataniuliza swali lile lile, na mimi nitamjibu jibu lile lile. Tofauti itakuwa kwamba safari hii nimevaa joho."

Eustace akamkumbusha kuhusu barua ya jeshi. Alikuwa ameisoma kwenye faili lake. Alimwambia kwa thelathini na moja, mtihani wa mwisho ungemtaka karibu sabini, na kwamba chuoni pale waliowahi kupata sabini kwenye kemia walikuwa wanahesabika kwa vidole.

"Najua," alisema Winfrida. "Niliitia sahihi mwenyewe. Wewe andika kilichopo."

Alitoka bila kumwambia afanye nini zaidi, kwa sababu hilo lilikuwa lake Eustace. Na Eustace alilifanya. Mchana ule alikwenda kwa mkuu wa idara, Dokta Nasra, mwanamke mkimya ambaye hakuna aliyewahi kumwona ameinua sauti, akamweleza kila kitu. Dokta Nasra alimsikiliza mpaka mwisho, akamwandikia onyo la maandishi, akaagiza karatasi za darasa zima zisahihishwe upya na mkufunzi mwingine. Shadia akapanda mpaka sitini na moja. Abdulswamad akashuka kwa alama mbili na kulaumu dunia. Winfrida akapata thelathini na nne. Alikuwa amejinyima alama tatu.

Jioni alimpigia Kapteni Bartholomeo kumpa taarifa, akiwa amesimama wima chumbani kana kwamba kapteni anamwona. Kapteni alikuwa ameshaibandika ile picha ya sitini na nne kwenye ubao wa matangazo. Aliuliza kama ni kweli mtu amekwenda kuomba apunguziwe. Winfrida akasema ndiyo, afande. Kikasikika kicheko, kisha kapteni akakumbuka cheo chake na kukohoa. Alisema sharti linabaki sharti, hana uwezo wa kulilegeza, na kwamba ataibandua picha. Kabla hajakata simu aliongeza kwamba tangu aondoke, wali umekuwa wa ajabu.

Zilibaki wiki saba. Kutoka thelathini na nne, alihitaji sitini na sita.

Kikundi chake kilipata habari, na Abdulswamad ndiye aliyeitisha mkutano. Kwa mara ya kwanza tangu chuo kifunguliwe alifika wa kwanza. Alitangaza kwamba kuanzia sasa Winfrida yuko chini ya amri. Alimtengenezea ratiba, akaibandika ukutani, na alfajiri ya kesho yake simu ya Winfrida ikaita saa kumi na nusu. Sauti ya usingizi ikamwambia, "Maza, uzito wa moli moja ya chumvi, fasta." Winfrida alisema hajui. Akaambiwa aruke kamba mara hamsini akifikiria. Shadia, akiwa chini ya blanketi, alicheka mpaka akakosa pumzi.

Waliendelea hivyo wiki tatu. Winfrida alikuwa anajua kukariri, na uzito wa kila kitu aliukariri kama namba za bunduki. Lakini swali likigeuzwa kidogo, alipotea. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na lilianza kumvunja moyo. Usingizi wake ulipungua. Siku moja Shadia alimkuta ameketi mbele ya sufuria tupu, anaiangalia tu. Alimwambia Jumamosi waende kwao Mkuyuni, wakapumzike.

Walikwenda watatu, wao wawili na Abdulswamad, aliyesema hawezi kumwacha kuruta wake. Mama yake Winfrida, bi Yuliana, alikuwa anaishi ng'ambo ya soko, nyumba iliyozungukwa na mdalasini na minanasi. Vijana wakatoa shikamoo, wakapokewa mizigo, wakakaribishwa choya, ile juisi nyekundu ya maua ya rosela, iliyojaa ndoo nzima kwa ajili ya wageni wa kipaimara cha kesho yake pale jirani.

Abdulswamad alikuwa anakunywa glasi ya pili alipoitazama rangi yake. Akakumbuka kitu. Akaomba limau, akaomba magadi, akayayeyusha magadi kwenye kikombe cha maji. Akaweka choya kidogo kwenye bilauri, akadondoshea maji ya magadi kidogo kidogo. Ule wekundu ukawa zambarau, kisha ukageuka kijani. Akakamua limau ndani, matone machache, na wekundu ukarudi.

Winfrida alisogeza kigoda. Akamnyang'anya kijiko. Alifanya mwenyewe, kijiko cha kwanza cha limau, cha pili, cha tatu, mpaka wekundu ukarudi, akaandika idadi kwenye kiganja. Akaongeza magadi maradufu, akakuta limau nayo inatakiwa maradufu. Akajaribu nusu, ikawa nusu. Alirudia hivyo mchana kutwa, na kila mara aliteka choya zaidi kutoka kwenye ndoo. Shadia aliketi kando yake na daftari, akibadilisha vijiko kuwa gramu na gramu kuwa moli.

Ilikuwa mara ya kumi au zaidi, kijiko kikiwa hewani, Winfrida aliposimamisha mkono.

"Kumbe moli ni kombania," alisema.

Wenzake wakamtazama.

"Sipiki kwa kuhesabu kuruta mmoja mmoja. Nauliza, kombania ngapi? Kombania moja najua ni watu mia na ishirini, wawe wanene wawe wembamba. Moli ni hivyo hivyo. Kombania moja ya magadi, kombania mbili za asidi ile ya swali la nne, kila mmoja wa magadi anapata wenzake wawili, hakuna anayebaki uwanjani." Akamgeukia Abdulswamad. "Miezi mitatu mnanizungusha, na ilikuwa ni hesabu ya jikoni."

Abdulswamad akamuuliza swali, akaligeuza, akaligeuza tena. Winfrida akajibu yote, huku anakoroga.

Hapo ndipo bi Yuliana alipotoka ndani, akaikuta ndoo ikiwa chini ya nusu, na bilauri kumi na saba zimepangwa barazani, za kijani, za zambarau, na nyingine za rangi isiyo na jina. Aliuliza kwa utulivu ni nani atakayewanywesha wageni wa kipaimara vile vitu. Binti yake alianza kumweleza habari za asidi. Bi Yuliana akamsikiliza kidogo, kisha akamwambia kwamba Sajinitaji ni huko kambini, hapa ni kwake. Wote watatu walitumwa kuchuma rosela nyingine shambani, kwenye mteremko uliosimama kama ukuta, na walirudi giza linaingia, Abdulswamad akiwa na kiatu kimoja kilichoachia soli. Walichemsha choya upya wenyewe. Bi Yuliana alionja, akasema imezidi tangawizi, akaenda kulala.

Mtihani wa mwisho ulifanyika Jumatano. Eustace alikuwa msimamizi, na alijitahidi kutotazama kiti cha mbele. Mara moja tu alijisahau, akamwona Winfrida anachora miraba midogo pembezoni mwa karatasi, ameipanga safu kwa safu, anahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikichezacheza kama mtu anayeita majina kwenye paredi.

Matokeo yalitoka wiki tatu baadaye kwenye mtandao wa chuo. Winfrida hakutaka kuangalia. Alimpa Shadia simu, akaenda kusimama mlangoni, ameupa chumba mgongo. Shadia alisoma somo moja moja, na kemia akaiacha ya mwisho. Mtihani, sitini na saba. Wastani, hamsini na nusu.

"Hiyo nusu ni ya nini?" Winfrida aliuliza bila kugeuka.

Shadia akamwambia ni ya akiba. Winfrida aliendelea kusimama pale pale mlangoni, na mabega yake yakawa yanatikisika. Shadia alifikiri anacheka, akaenda kumtazama, akarudi kimya kimya kukaa kitandani mpaka mwenzake alipojifuta uso na kuuliza kama kuna samaki sokoni.

Barua ya jeshi ilikuja mwisho wa mwezi: ufadhili unaendelea. Eustace alimpa mkono mbele ya ofisi ya idara, akamwambia hongera, mwanafunzi, na Winfrida akamjibu asante, mwalimu. Mikono ya wote wawili ilikuwa inajizuia isipige saluti.

Aliyepatwa na balaa muhula ule alikuwa Abdulswamad. Kemia alipata themanini na moja, akaitangaza mpaka Msamvu. Lakini alifeli Stadi za Mawasiliano, somo ambalo kila mtu alikuwa analiita la kupumzikia, na akatakiwa kurudia mtihani likizo ikiwa katikati. Kilichomwangusha kilikuwa barua rasmi. Ile aliyoiandika kwenye mtihani, ya kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, ilianza na "Mkuu, mambo vipi" na kuishia "ni hayo tu".

Winfrida akaahirisha safari ya nyumbani. Barua rasmi alikuwa ameziandika kwa miaka ishirini na miwili: za kuomba kuni, za kuomba ruhusa, za kuomba kusomeshwa mara tatu. Alimkalisha Abdulswamad kwenye kibaraza cha hosteli kwa siku sita. Barua ya kwanza aliichana. Ya pili pia. Kwenye ya tano Abdulswamad aliuliza kama lazima kila mtu aitwe ndugu. Ya tisa ilikuwa safi, yenye anwani mbili, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na ombi la unyenyekevu la kufanya mafunzo ya wiki nane katika jiko la kambi yake Winfrida, kwa Kapteni Bartholomeo. Anwani hiyo waliitumia kwa ajili ya mazoezi tu.

Winfrida aliisoma mara mbili, akasema ni barua nzuri kiasi kwamba ni dhambi kuiacha hapo barazani. Abdulswamad alikuwa amechoka, na aliamini jeshi haliwezi kujibu barua ya raia kabla ya Pasaka. Akasema haya, itume.

Alifaulu mtihani wa marudio kwa alama sabini na mbili. Jibu la kapteni lilifika siku ya nne baada ya matokeo. Lilikuwa na anwani mbili na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na lilisema ombi la ndugu Abdulswamad limekubaliwa, aripoti Jumatatu akiwa amenyoa nywele zote. Abdulswamad alilisoma akiwa amesimama, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, kisha akampigia mama yake Temeke kumuuliza kama bado anacho kitabu chake cha kliniki, huenda humo likapatikana gonjwa la kumzuia asiende.